Kimbunga kinakuja na klabu yenu ya boti iko ufukweni: mwongozo kamili, kuanzia siku 5 kabla

Wakuu habari za saa hizi. Hii naandika kwa ajili ya watu wa klabu za boti za ufukweni, wasimamizi, manahodha, walinzi, na hata wenye boti wenyewe, wale ambao hali ikichafuka ndo wanapiga simu saa 3 usiku "naomba mniangalizie boti yangu". Mi nafanya kazi kwenye klabu moja ndogo hapa Dar, boti kama 40 hivi, trekta moja, rampu moja ya zege (mteremko wa kushushia na kutolea boti majini) inayoishia kwenye mchanga. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipotangazwa ndo tukajua hatukuwa na mpango wowote zaidi ya kupiga simu na kugombana, kwahiyo mengi ya hapa chini tumejifunza kwa kuumia.

Kuna watu mpaka leo wanakwambia huku kwetu vimbunga haviji. Vinakuja bwana, ila vinapishana muda mrefu mpaka aliyeona anakuwa ameshazeeka. Unguja ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikalala chini na meli za Sultani zikaharibika. Lindi ilipigwa Aprili 1952 na watu wakafa. Kenneth iliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, ng'ambo ya Mto Ruvuma, tarehe 25 Aprili 2019, na watu wa Mtwara wakahamishwa. Jobo Aprili 2021 ilituelekea Dar ikafia njiani. Hidaya ikafika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Angalia hiyo miezi. Msimu wa vimbunga upande huu wa Bahari ya Hindi unahesabiwa kuanzia Novemba, lakini vinavyotufikia sisi vinakuja mkiani, katikati ya masika, wakati ardhi imeshalowa, mitaro imejaa, miti imelegea mizizi. Hilo litarudi kwenye suala la kuegesha boti, likumbuke.

Kabla ya yote: hesabu ya trekta

Hii ndo sehemu ambayo karibu kila klabu inaikosea, kwahiyo ntakaa hapa kidogo. Watu wanapanga kwa kuangalia upepo utafika lini. Upepo sio saa yako, saa yako ni maji. Boti ya faiba ya mita 7 yenye injini mbili huitoi baharini maji yakiwa yamekupwa, trela itazama kwenye tope na trekta itaifuata huko huko. Unaitoa maji yakijaa, unapata kama saa 3 za kazi, saa moja na nusu kabla ya kujaa na saa moja na nusu baada. Basi.

Sasa piga hesabu. Boti moja kuanzia kufunguliwa kwenye boya, kuletwa rampu, kupandishwa kwenye trela, kuvutwa mpaka juu na kuegeshwa vizuri ni dakika 20 kama hakuna longolongo. Saa 3 ni boti 9. Kwa ukweli ni 7, maana lazima kuna trela yenye tairi bovu, kuna boti betri imekufa, kuna mwenye boti anataka kwanza atoe vitu vyake. Ukiwa na boti 28 kwenye maboya hiyo ni kujaa mara 4. Maji yanajaa mara mbili kwa siku, lakini mara moja inaweza kuangukia usiku wa manane. Toa kujaa kwa mwisho kabla ya dhoruba, hakuna atakayefanya kazi hapo, upepo ukifika kilomita 40 au 45 kwa saa boti tupu haishikiki tena rampu. Kwahiyo kama hamna taa za kufanyia kazi usiku, mnahitaji siku 4 au 5. Mkiwa na taa na watu wa zamu mbili, siku 3.

Na hapo ndo utata ulipo. Taarifa ya uhakika kabisa, ile ambayo kamati yenu itaiamini, mara nyingi mnaipata zimebaki siku 2. Maana yake lazima muanze kabla hamjawa na uhakika, na mara kadhaa mtatoa boti zote halafu hakuna kitu, kama ilivyokuwa kwa Jobo. Watu watawacheka. Kubalini hiyo mapema, iandikeni kwenye katiba ya klabu, na muhimu zaidi iandikwe kwamba msimamizi anaruhusiwa kuhamisha boti yoyote bila kumsubiri mwenyewe mara dhoruba ikishapewa jina na njia yake ikiwa inaelekea pwani yenu. Sisi mwaka ule tulipoteza kujaa kuzima kwa asubuhi kwa sababu bosi mmoja mwenye boti kubwa iliyoziba njia alikuwa nje ya nchi na funguo alikuwa nayo yeye. Funguo ya akiba ya kila boti ikae ofisini, kwenye kabati lenye kufuli, na kibandiko cha jina. Hii haina mjadala.

Andaa pia karatasi moja, narudia karatasi sio simu: jina la boti, urefu, uzito, boya namba ngapi, trela iko wapi, tairi za trela zina upepo au la, namba ya mwenyewe na ya mtu wake wa karibu. Zipangwe kwa mfuatano wa kutoka, nzito na zenye kina kirefu zitoke wakati maji yako juu kabisa, nyepesi zikae pembeni mwa huo muda.

Siku 5 mpaka 4: kusoma taarifa

Sikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA. Wanatoa kwa ngazi, angalizo, halafu tahadhari, halafu tahadhari kubwa. Kwa klabu ya boti kazi inaanza kwenye angalizo, ukisubiri tahadhari kubwa umeshachelewa kwa hesabu ya hapo juu. Unaweza kuangalia pia taarifa za kituo cha Réunion, ndo wanaofuatilia vimbunga vyote vya eneo hili. Zile programu za simu zenye rangi rangi ni sawa kuziangalia ila usipange kwa kutegemea mstari mmoja, angalia upana wa eneo kinapoweza kupita.

Kitu cha kwanza cha kujiuliza: kitapita kaskazini yetu au kusini yetu? Chukua sahani iweke mezani. Huku kusini mwa ikweta kimbunga kinazunguka kama mshale wa saa, kwahiyo izungushe sahani hivyo hivyo. Weka kidole upande wa juu, ndo kaskazini, utaona ukingo unakimbilia mashariki: huo ni upepo wa kutoka bara kwenda baharini. Weka kidole upande wa chini, ukingo unakimbilia magharibi: huo upepo unatoka baharini unakuja moja kwa moja kwako. Kwahiyo kitovu kikipita kusini yako, maji yanasukumwa kwenda nje na shida yako kubwa ni upepo na mvua. Kikipita kaskazini yako, bahari yote inaletwa mlangoni kwako. Hidaya ilikwenda Mafia, sisi Dar tuko kaskazini yake, hiyo ilitusaidia sana. Watu wa kusini ya Mafia, Kilwa na Lindi, walikuwa upande mbaya, na mvua yake ikakata barabara ya kusini pale Somanga.

Ukitaka kuona tofauti ilivyo kubwa angalia Florida, Marekani, ambako klabu za boti zimeshazoea haya mambo. Kule ni kaskazini mwa ikweta, kinazunguka kinyume na cha kwetu. Kimbunga Ian kilipoingia Septemba 2022 kilipita kusini ya Tampa, ghuba ya Tampa ikakauka mpaka watu wakawa wanatembea chini ambako kawaida ni maji, wakati Fort Myers iliyokuwa upande wa pili wa kitovu ilizama na boti zikarundikana juu ya barabara. Miaka miwili baadaye kimbunga Helene kikapita nje baharini upande wa magharibi, na ghuba ile ile ya Tampa ikafurika.

Kitu cha pili: mwezi. Fungua kalenda ya maji. Bamvua, yaani zile siku za mwezi mpya na mwezi mpevu maji yanapojaa na kukupwa kupita kawaida, huku kwetu tofauti ya kupwa na kujaa inapita mita 3, wenzetu wa Tampa hawana hicho kitu, kwao maji yanacheza chini ya mita moja. Kwahiyo kwetu dhoruba ile ile ikija wakati maji yamekupwa unaweza usione kitu, ikija maji yakiwa yamejaa kwenye bamvua imekuja na mita kadhaa za bure. Hidaya ilifika Mei 4, mwezi mpya ulikuwa Mei 8, yaani tulikuwa bado karibu na maji mafu, zile siku za nusu mwezi maji yasipopanda wala kushuka sana. Ingechelewa siku 5 ingetukuta bamvua. Ila maji mafu nayo yana lawama zake, hayapandi vya kutosha, boti nzito tulizivuta kwa kusukuma trela mpaka nje ya zege, kwenye mchanga, na winchi ikalia mpaka ikakatika waya. Mwongozo wa haraka: bamvua huku maji hujaa kwenye saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, maji mafu hujaa kwenye saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Pangeni zamu za watu kwa kufuata hiyo.

Siku 3 mpaka 2: kutoa boti

Ikitoka tu, kabla haijaegeshwa, fungua kizibo cha nyuma cha kutolea maji. Naomba niseme hii polepole. Boti ya wazi ya mita 7 kwa mita 2 ni mita za mraba 14. Mvua ya milimita 100, ambayo kwa masika ya Dar sio kitu cha ajabu, inakuwekea lita 1,400 ndani, tani moja na nusu kasoro. Tulikuwa na boti moja mtu kaifunika na turubai vizuri, kaikaza, kaacha kizibo kimefungwa. Turubai likachanika upande mmoja likawa kama mdomo wa kikapu. Asubuhi tukakuta trela imelala, tairi zote mbili zimepasuka, na boti haijaguswa na upepo hata kidogo. Kwahiyo kizibo nje, kifungwe kwa kamba kwenye usukani ili kesho mtu asiingie majini nacho kikiwa mfukoni kwa mwingine.

Egesha pua ikiangalia upande ambao upepo mkali utatokea. Trela zisikae juu ya tairi peke yake, weka magogo chini ya chesi (fremu ya trela) na toa upepo nusu kwenye tairi ili ishuke, kisha mikanda ya kukazia mizigo kutoka pande nne kwenda kwenye vitu vilivyozikwa ardhini, sio kwenye boti nyingine. Boti za tanga zinazosimama kwenye stendi, chini ya kila mguu weka ubao mpana, maana nimesema ardhi yetu wakati huo imeshalowa, mguu unazama upande mmoja na boti inalala juu ya jirani, ikianguka moja zinafuatana kama karata. Milingoti kama inashuka ishushwe. Tanga zivuliwe kabisa, sio kukunjwa na kufungwa, upepo utazikunjua tu.

Boti ndogo za mafunzo, ngalawa na kayaki zigeuzwe zilale kifudifudi zikiwa zimefungwa pamoja ardhini, au ziingie ndani ya ukumbi. Na usiegeshe kitu chini ya minazi. Sisemi kwa sababu ya mti kuanguka, mnazi unajua kuinama, nasema nazi. Leta mkwezi siku 3 kabla aangushe nazi na makuti makavu yote, utamlipa hela ya kawaida. Ukimwita siku ya mwisho atakwambia bei yake na ana haki.

Zitakazobaki majini

Zipo tu, kubwa ambazo rampu haiziwezi. Chaguo zuri kuliko yote ni kuzipeleka kwenye hori (mkono wa bahari unaoingia nchi kavu) lenye mikoko, mbali na mlango wa bahari, na kama ni eneo la bandari mpate ruhusa mapema. Boti inafungwa kwa kamba nyingi kila upande, zikiwa na mlegeo wa kutosha maji kupanda na kushuka. Mikoko inaua mawimbi vizuri kuliko ukuta wowote.

Kama inabaki kwenye boya, mzamiaji ashuke aangalie. Jiwe la zege linaloshikilia boya, la tani moja, likiwa chini ya maji linabaki na uzito wa kama kilo 570 tu, watu hawalijui hilo. Pingili ya mnyororo iliyolika theluthi moja itupwe. Shakeli zote, vile vyuma vya kuunganishia mnyororo, zifungwe waya zisijifungue. Urefu wa mnyororo na kamba wengi wamepima kwa bamvua ya kawaida, ongeza mita moja au mbili za maji ya dhoruba, la sivyo boti itanyanyua jiwe na kuondoka nalo. Presha ya hewa peke yake ikishuka milibari 30 bahari inapanda kama sentimita 30 kabla hata upepo haujaanza kusukuma.

Kamba mbili za nailoni, sio moja, kila moja na njia yake. Pale zinapopita ukingo wa boti ndo zinapokatikia, zinasagwa usiku kucha. Chukua mpira mkuukuu wa zimamoto, ule wa turubai, kata kipande cha nusu mita, pitisha kamba ndani, toboa ncha mbili na uushone na uzi wa nyavu kwenye kamba yenyewe ili usitembee. Ile hosi ya plastiki ya kumwagilia bustani usitumie, kamba ikivutika ndani yake inapata joto na maji hayaingii kuipoza. Halafu toa kila kinachoshika upepo, turubai, kivuli, maboya ya kuokolea. Upepo ukiongezeka mara mbili nguvu yake inaongezeka mara nne, kwahiyo hicho kivuli chako cha kukaa na wageni kwenye kilomita 100 kwa saa ni tanga.

Na mtu asilale ndani ya boti. Hata nahodha wa miaka 30. Hasa nahodha wa miaka 30.

Jengo, mafuta, umeme

Hapa napita haraka. Paa la makuti tupieni nyavu kuukuu za uvuvi juu na kuzifunga kwenye nguzo, makuti yakiruka hayaui mtu. Mabati yanaua, pigilia upya na kaza kingo kwanza maana upepo unaanzia kingoni. Viti, meza, mbao za matangazo, vyote ndani. Mitungi ya gesi ifungwe valvu na kuwekwa wima, imefungwa mnyororo. Tanki la mafuta lijazwe, lililo nusu linaelea maji yakifika na kung'oa mabomba. Madumu ya petroli yasikae stoo ya chini. Jenereta, chaja, kompyuta na mafaili ya wanachama vipandishwe ghorofani au viondoke. Swichi kubwa izimwe kabla maji hayajafika, sio baada. Na piga video ya kila boti na kila chumba, ukitaja tarehe kwa mdomo, watu wa bima watakuuliza.

Watu

Wafanyakazi wetu wengi wanakaa Mbagala, Kigogo, Tandale. Bonde la Jangwani likijaa njia inakatika, kila mtu wa Dar analijua hilo, halafu unakuta uongozi umewabakisha watu mpaka saa 12 jioni kupanga viti. Waruhusiwe kwenda kwao wakati mabasi bado yanapita, na wapewe hela yao ya siku hizo kabla ya kuondoka maana mtu ana paa lake pia la kupigilia. Walinzi wawili wa kujitolea wabaki, wawe ndani ya jengo imara la juu, wenye redio, tochi, maji, chakula cha siku 2. Kazi yao ni kukaa. Boti ikikatika usiku ikatike.

Upepo ukitulia ghafla katikati ya dhoruba msitoke nje, inawezekana ni kitovu kinapita, utarudi kutokea upande wa pili, na madhara yanaweza kuzidi kwa sababu kamba zote zilikazwa kwa upande wa kwanza.

Baada ya hapo

Subirini TMA waseme imeisha. Asubuhi mtu wa kwanza kuingia aangalie umeme na gesi, hakuna kuwasha kitu wala sigara. Majini kutakuwa na magogo, nyavu na madumu yanaelea, propela itakula yote hayo. Mzamiaji ashuke tena kwenye maboya yote kabla boti hata moja haijarudi, hata yale ambayo hayakuwa na boti, maana mawimbi yanasogeza mawe na unaweza kukuta mnyororo umejizungusha. Kisha boti ya uokoaji ishuke kwanza, na kabla haijagusa maji mtu akatoe kile kizibo kwenye usukani akirudishe mahali pake.